Simu Isiyopiga Hodi

Wapo watu ambao wakisikia neno utamaduni, fikra zao hukimbilia ngoma, njuga na ngozi za chui. Hao huutafuta utamaduni siku ya sikukuu, uwanjani, mbele ya mgeni rasmi. Na sikukuu ikiisha huufungia kabatini pamoja na mavazi ya wachezaji. Sisi hatukubaliani nao. Ngoma ni sehemu ya utamaduni, lakini utamaduni wa watu huonekana zaidi katika mambo madogo wayatendayo kila siku bila ya kutazamwa: namna wanavyoingia katika nyumba ya mtu, namna wanavyoamkiana, namna wanavyokaa mbele ya chakula, na namna wanavyomwambia mwenzao kwamba amefiwa.

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, alilieleza Bunge kwamba utamaduni ndio kiini na roho ya taifa. Ikiwa ndivyo, basi roho hiyo haikai katika njuga peke yake. Hukaa pia katika kauli zetu, na leo kauli zetu nyingi hupita katika simu ya mkononi. Kwa hiyo tunathubutu kusema kwamba adabu ya simu si jambo la mzaha wala la mazungumzo ya kijiweni. Ni suala la utamaduni wa taifa.

Kati ya mambo madogo tuliyoyataja, liko moja ambalo watu wa pwani na watu wa bara wamelishika kwa pamoja, nalo ni hodi. Mtu wa kwetu hafiki mlangoni akaingia tu. Husimama nje, hupiga hodi, hungoja kukaribishwa. Akipiga mara ya tatu asijibiwe, huenda zake bila kinyongo. Hodi ni mkataba baina ya watu wawili. Mgeni anakiri kwamba nyumba ina mwenyewe. Mwenyeji anapata nafasi ya kujisitiri, kuzima ugomvi, kufuta machozi, na kumkaribisha mwenzake akiwa na uso wa kukaribishia.

Simu ya mkononi haipigi hodi. Hulia msikitini na kanisani, darasani na kilioni, mezani na pembeni mwa kitanda cha mgonjwa. Hilo si kosa la simu, maana chuma hakina adabu wala utovu wa adabu. Kosa ni la mwenye kuipiga na mwenye kuipokea. Hoja yetu katika makala haya ni moja: tumeiacha simu itufundishe kumheshimu aliye mbali kwa kumvunjia heshima aliye mbele yetu. Jambo hilo ni kinyume cha utu tuliolelewa nao, na yatupasa kulikataa.

Asije mtu akadhani kwamba tunaichukia simu. Sisi tuliosoma sekondari katika miaka ya 1980 tunakumbuka hali ilivyokuwa. Barua ya kutoka Songea kwenda Dar es Salaam ilisafiri kwa siku nyingi, na majibu yake yalipofika, jambo lenyewe aghalabu lilikwisha kupita. Simu ya maandishi ililipiwa kwa hesabu ya maneno, nasi tukajifunza kulia na kufurahi kwa maneno sita au saba. Habari za misiba tulizisikia katika matangazo ya vifo ya Redio Tanzania, na mtu aliyekuwa shambani saa hiyo aliweza kukosa maziko ya ndugu yake wa tumbo moja.

Katikati ya miaka ya 1990 simu za mkononi zikaanza Dar es Salaam, na katika miaka iliyofuata zikatufikia sisi wa kusini. Mwaka 2008 huduma ya M-Pesa ikaanza nchini, na mtoto aliye chuoni akaweza kutumiwa ada na mzazi aliye kijijini bila ya mtu yeyote kusafiri. Sensa ya 2022 iliwahesabu Watanzania 61,741,120. Laini za simu zilizosajiliwa zimekwisha kuipita hesabu hiyo, kwa kuwa wengi wetu tunazo mbili au zaidi. Mkulima wa kahawa wa Mbinga huuliza bei kabla ya kushusha gunia. Mjamzito wa kijiji cha mbali huitiwa gari usiku. Hiyo ni neema, na mwenye kuikana ni mtovu wa shukrani. Lakini neema nayo ina adabu yake, kama vile chakula kina adabu yake ingawa kila mtu ana njaa.

Na tuanze na hicho chakula. Katika nchi ya Wamatengo, huko Mbinga, palikuwa na desturi iitwayo sengu. Watu wa ukoo walikutana kwa mkubwa wao, wakala pamoja, wakayazungumza mambo ya mashamba, ya ndoa na ya ugomvi. Vijana nao walikaa hapo, na shule yao kubwa ilikuwa kusikiliza. Hapo ndipo kijana alipojua lini aseme na lini anyamaze, nani atangulie kunawa na nani amalizie, na kwamba neno la mwenzako halikatwi katikati kama muwa. Makabila mengine ya mkoa huu wa Ruvuma, Wangoni, Wandendeule, Wayao na Wanyasa, yalikuwa nayo mabaraza yao yenye mafunzo ya namna hiyo hiyo.

Tutazame sasa nyumba zetu saa ya chakula cha jioni. Baba yuko mezani, lakini macho yake yako katika kiganja. Mama anaeleza habari ya mtoto aliyerudishwa shuleni, na katikati ya neno simu inalia. Baba ananyanyua mkono kumnyamazisha mkewe, naye anaanza kucheka na mtu aliye Mwanza. Mtoto anaingia, anasema shikamoo, anajibiwa kwa kichwa. Siku ya pili anasema tena, anajibiwa kwa kichwa. Siku ya kumi hasemi. Halafu baba huyo huyo anasimama katika mkutano wa wazazi kulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana salamu! Marahaba ni neno moja tu. Mtoto aliyenyimwa neno hilo na mzazi wake atajifunzia wapi thamani ya shikamoo?

Tutoke nyumbani tuingie ofisini, kwa sababu huko ndiko lawama inakotustahili zaidi sisi watumishi wa umma. Mama mtu mzima ametoka kijijini kwa gari la alfajiri, ana barua yake mkononi, amengoja foleni hadi saa nne. Anapoingia, afisa aliye umri wa mwanawe anamwinulia kidole, maana yake asubiri, na kuendelea na simu. Mazungumzo si ya kazi. Ni ya mchango wa harusi, kisha ya mpira, kisha ya kiwanja. Mama amesimama. Hakuambiwa akae, hakuamkiwa, wala hakutazamwa. Simu inapokwisha anaulizwa: "Unasemaje?"

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi wa Tanzania kuwa na kiburi na dharau kwa watu anaowaongoza, na wanachama wa chama hicho waliahidi kwamba cheo ni dhamana. Siku zile kiburi cha ofisini kilijulikana kwa kiti kikubwa na mlango uliofungwa. Leo mlango uko wazi na kiti ni cha kawaida, lakini dharau imehamia katika simu. Nasi tuandikao haya hatujioshi. Tumewahi kumwinulia mtu mzima kidole namna hiyo, na ni yeye aliyeinamisha kichwa, ilhali wa kuinamisha kichwa tulikuwa sisi.

Njiani nako hakuna nafuu. Basi la kutoka Songea kwenda Dar es Salaam huondoka alfajiri, na safari humaliza siku nzima. Ndani yake mna mgonjwa anayepelekwa hospitali kubwa, mna mama mwenye kichanga, mna mwanafunzi anayekwenda kuanza chuo, mna mfiwa. Mmoja amefungulia kwaya kwa sauti yote, wa pili mahubiri, wa tatu vichekesho, na hakuna aliyekumbuka kutia spika za masikioni. Wa nne anamweleza nduguye ugonjwa wa siri wa shemeji yao, kwa sauti ambayo dereva anaisikia. Wa tano yuko Makambako, naye anamwapia mdai wake kwamba amekwisha kupita Mikumi, na mwanawe wa miaka minane ameketi pajani akisikia na kujifunza. Nyumba ya mtu ina kuta kwa sababu yako mambo yasiyofaa kusikiwa na mpita njia. Mwenye kuanika ya ndani kwake ndani ya basi ameibomoa nyumba yake kwa hiari, na kuwalazimisha watu hamsini kuuona uchi wa jamaa zake.

Lakini hayo yote ni madogo mbele ya jambo tunalotaka kulisema sasa. Katika ofisi moja tuliyofanya kazi alikuwako karani mwenzetu, dada mpole. Asubuhi moja alikuwa akipanga majalada. Simu yake ikatoa mlio mfupi, akaifungua. Katika kundi la watu waliosoma pamoja, mtu fulani alikuwa ametuma picha ya ajali iliyotokea usiku barabarani, na chini yake ameandika watu waisambaze. Katika picha alionekana mzee amelala ukingoni mwa barabara, uso haukuonekana vizuri. Mwenzetu alilitambua shati. Ni yeye aliyemnunulia baba yake shati lile wakati wa Pasaka.

Aliyeituma picha ile hakuwa adui. Hakumjua mzee yule, wala hakukusudia kumuua mtu kwa habari. Alikuwa kijana wa kawaida, pengine mwenye huruma, aliyefika mahali pa msiba, na kabla ya kuvua shati lake ili amfunike mzee wa watu, akatoa simu. Hapo ndipo tunapoona jinsi tulivyopotea. Mila zetu zilikuwa na njia ya kupeleka tanzia. Alitumwa mtu mzima, mara nyingi wawili. Walifika, wakakaa, wakaomba maji ya kunywa, wakauliza hali za watu wa nyumbani. Mwenyeji aliziona nyuso zao, akaanza kujiandaa moyoni. Ndipo neno likasemwa, na waliolisema walikuwapo wa kumshika alipoanguka. Maiti naye alisitiriwa: alifunikwa hata kama kilichopatikana ni khanga ya mpita njia. Hayo hayakuwa ushamba. Yalikuwa elimu kubwa juu ya moyo wa binadamu, na tumeyatupa kwa ajili ya kuwa wa kwanza kutuma.

Hata wafu wa zamani hawajasalimika. Hapa Songea, tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani waliwanyonga mashujaa 67 wa Vita vya Majimaji, na wengi wao wakazikwa katika kaburi la pamoja mahali ambapo leo pana makumbusho, na kila Februari huadhimishwa kumbukumbu yao. Tumewaona hapo vijana wakijipiga picha huku wakicheka na kutoa vidole, mgongo wao umeelekea kaburi. Tulipomwuliza mmoja ni nani waliolala pale, alijibu kwamba atatafuta baadaye katika simu. Kabla ya vita ile, habari za maji zilienea kusini kwa minong'ono, kutoka kinywa hadi sikio, bila ya waya wala mnara. Watu wale walijua neno gani liambiwe nani, mahali gani, na kwa sauti gani. Wajukuu wao tuna minara juu ya vilima, lakini elimu hiyo inatuponyoka.

Wapo watakaotujibu kwamba haya ndiyo maendeleo, na kwamba dunia nzima inakwenda hivyo. Jibu hilo ni kasumba. Wajapani wameendelea katika ufundi wa vyombo hivi kabla yetu. Hata hivyo katika treni zao abiria huombwa kuzima milio ya simu na kutozungumza kwa simu ndani ya mabehewa, na hali ya simu kutotoa sauti wameipa jina linalotokana na neno adabu. Wao walikipokea chombo, kisha wakakifundisha desturi za kwao. Sisi tumekipokea chombo, kisha tukazisahau desturi za kwetu, halafu tunajisifu kwamba tumeendelea. Mkataa kwao mtumwa, na utumwa wa kujitakia hauna wa kuuonea huruma.

Wapo wengine, hasa watu wa rika letu, wanaosema kwamba ubaya huu ni wa vijana. Hao nao tunawapinga. Simu zinazolia katika vikao vya maofisa si za wanafunzi. Shule zetu nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, lakini mwalimu anayekataza simu huku akisoma ujumbe mbele ya ubao anafundisha masomo mawili kwa wakati mmoja, na wanafunzi watalishika lile la vitendo. Mwana hufuata kisogo cha mzazi, hafuati mdomo wake.

Tena wapo wanaotaka sheria peke yake itukomboe. Sheria tunazo. Mwaka 2015 ilitungwa Sheria ya Makosa ya Mtandao, na mwaka 2022 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ni vema ziwepo, na mwenye kudhulumiwa azitumie. Lakini hakuna askari atakayekaa mezani kwetu kutuamuru tumjibu mtoto shikamoo, wala hakimu atakayemhukumu mtu kwa kumwinulia mama mzee kidole. Pale sheria isipofika, haya ndiyo hulinda. Na haya haitungwi na Bunge. Hupandwa nyumbani na kupaliliwa shuleni.

Yatupasa tufanye nini basi? Kwanza, tuirudishe hodi. Anayepiga simu aseme yeye ni nani, amsalimu mwenzake, kisha amwulize kama ana nafasi ya kuzungumza. Akijibiwa kwamba hana, aage bila kinyongo. Asipopokelewa, asipige mara ishirini. Na aone kuwa ametendewa kama mtu aliyepiga hodi kwa wasiokuwapo. Pili, aliye mbele yetu atangulie. Ikitulazimu kupokea, tumwombe radhi, tusogee kando, tuseme kwa ufupi, tukirudi tumwombe radhi tena. Tatu, mezani, ibadani, darasani, kikaoni na kilioni simu inyamazishwe, na mkubwa wa mahali awe wa kwanza kunyamazisha yake. Nne, siri ya mtu isisemwe mbele ya wageni, na muziki wa mmoja usifanywe adhabu ya wengi. Tano, picha ya maiti au ya majeruhi isipigwe wala isipelekwe. Mkono ulioshika simu ushike kwanza khanga, machela au mlango wa gari. Sita, tanzia ya mtu wa karibu ipelekwe na mtu. Umbali ukizuia, tumpigie kwanza jirani au jamaa aliye karibu naye, afike, akae, ndipo mfiwa aambiwe.

Asiwepo wa kusema kwamba mambo hayo hayawezekani. Wakati vocha zilipokuwa ghali, wananchi walijitungia wenyewe desturi ya kubipu: wengine walipatana kwamba mlio mmoja maana yake nimefika salama, na miwili maana yake nipigie. Hawakungoja waraka wa serikali wala mtaalamu kutoka Ulaya. Watu walioweza kutunga lugha nzima kutokana na uhaba wa salio hawashindwi kutunga adabu kutokana na wingi wake.

Ndugu walimu, kazi hii ni yenu kabla ya kuwa ya mtu mwingine. Wapeni wanafunzi somo la hodi, nao waigize namna ya kupiga simu kwa mkubwa, kwa mgonjwa na kwa mfiwa, kama tulivyofundishwa sisi kuandika barua ya kirafiki na barua ya kikazi. Nanyi wanafunzi, simu mtakuwa nazo miaka yote ya maisha yenu, na nyingi zaidi kuliko zetu. Msitungoje sisi tuwe wema ndipo nanyi mfuate. Mkituona tumekosa, tukumbusheni kwa adabu, nasi tutaona haya. Tunawaachia ubeti huu mmoja, tulioutunga baada ya kutoka katika maziko ya yule mzee mwenye shati.

Chombo tumejipatia, cha kuwaita wa mbali,
Aliyetukaribia, kwanza tumpe kauli,
Hodi tukimpigia, tungoje jibu la kweli,
Simu ikitulilia, utu usiwe wa pili.